Joto Lisilopanda kwa Njia ya Kawaida

Uso wa Jua una joto la nyuzi 5,500 hivi za Selsiasi. Juu yake limetanda tabaka la gesi liitwalo korona, linaloonekana kama taji jeupe Jua linapopatwa lote, na humo joto hupita nyuzi milioni moja. Mimi ni mwalimu wa fizikia, na hakuna swali linaloamsha darasa langu kama hili: inakuwaje ukiuacha moto nyuma, joto lizidi?

Tulilijua hilo kupitia mwanga. Mwaka 1869, Jua lilipopatwa huko Marekani, Charles Young na William Harkness waliona katika korona mstari wa kijani usiolingana na elementi yoyote. Ikadhaniwa ni elementi mpya. Miaka 70 baadaye, Walter Grotrian na Bengt Edlén walifumbua fumbo: ilikuwa chuma, kilichopokonywa elektroni 13 kati ya 26 zake. Kinachoweza kukivua chuma kiasi hicho ni joto kali mno.

Hapo wanafunzi huuliza mbona chombo cha angani kiitwacho Parker, kilichorushwa mwaka 2018, hupita ndani ya korona bila kuyeyuka. Chembe za korona zina kasi kubwa, lakini ni chache sana, hivyo joto zinalokipa chombo ni dogo. Mwoka mikate huingiza mkono mara moja katika tanuri la nyuzi 200 asidhurike, ilhali maji ya nyuzi 100 yangemuunguza papo hapo. Kinachokipa chombo kazi hasa ni mwanga mkali wa Jua, ndiyo maana kina ngao ya kaboni.

Joto halitiririki lenyewe kutoka penye ubaridi kwenda penye moto, hata Juani. Kwa hiyo nishati hupanda ikiwa ndani ya uga wa sumaku, unaosukwasukwa na gesi inayotokota chini. Huko juu ndiko inakogeuka joto. Hannes Alfvén alionyesha mwaka 1942 kwamba mawimbi huweza kusafiri katika uga huo. Mwaka 1988 Eugene Parker akapendekeza milipuko midogo isiyohesabika, pale mistari ya sumaku iliyosokotana inapokatika na kuungana upya.

Nishati ipo tele. Chini ya sehemu moja kwa elfu ya ile inayotoka Juani inatosha. Kinachobishaniwa ni mchango wa mawimbi na wa milipuko. Hilo nalifundisha kwa makusudi, ili kijana ajue kwamba fizikia bado ina kazi inayomngoja.