Mafunzo ya Mbunifu wa Bidhaa

Ubunifu wa bidhaa ni kazi ya kuamua kitu kitakachotengenezwa kwa wingi kiwe na umbo gani, kitokane na malighafi gani na kishikwe vipi na mtumiaji. Kiti cha plastiki, tochi na bomba la sindano vyote vilipita mikononi mwa mtu aliyeamua hayo. Shahada ya fani hii kwa kawaida huchukua miaka mitatu au minne.

Mafunzo yake bado yana alama ya Bauhaus, shule aliyoianzisha Walter Gropius mjini Weimar, Ujerumani, mwaka 1919. Mwanafunzi alianza na kozi ya msingi iliyobuniwa na Johannes Itten, akachunguza malighafi, rangi na maumbo, ndipo akaingia karakana ya mbao, chuma au ufinyanzi. Shule ilifungwa mwaka 1933, lakini vyuo vingi hadi leo huanza na kuchora kwa mkono, kukata kadibodi na kuchonga sponji ngumu. Kompyuta huja baadaye, na inafaa iwe hivyo: programu hulifanya hata wazo bovu lionekane kama kitu kilichokamilika, na mwanafunzi akalipenda kabla ya kulijaribu.

Kisha huja elimu ya kiwandani. Kwa mfano, plastiki iliyoyeyushwa husukumwa kwa shinikizo ndani ya kalibu ya chuma. Kuta za bidhaa zikiwa wima kabisa, hung'ang'ania kalibu wakati wa kutolewa. Kwa hiyo huinamishwa kidogo, mara nyingi kwa digrii moja au mbili. Unene usipolingana, sehemu nene huchelewa kupoa na uso wake hubonyea. Anayeyajua haya huchora tofauti tangu mstari wa kwanza.

Uzito wa mafunzo, hata hivyo, uko kwa mtumiaji. Jiko la mkaa la bati na udongo lililoenea Kenya katika miaka ya 1980 lingetosha kuwa somo la muhula mzima. Wazo lilitokana na jiko la ndoo la Thailand, lakini halikunakiliwa lilivyo. Bati lilipewa kiuno chembamba, na sehemu ya juu ikawekewa kikombe cha udongo wa kuchomwa chenye matundu. Udongo huzuia joto lisipotee ubavuni, na mkaa hutumika kidogo. Kitako kipana hulisimamisha jiko imara mpishi anaposonga ugali kwa nguvu. Na mafundi wa jua kali waliweza kulikunja kwa nyundo na mkasi wa bati, kwa mabati chakavu, pasipo mashine ya bei kubwa. Mpishi, fundi na mfuko wa mnunuzi vyote vilizingatiwa katika umbo moja.

Mafunzo kazini, ya miezi michache kiwandani au katika ofisi ya wabunifu, humfundisha mwanafunzi mambo ambayo darasa huyagusa kwa juu tu: gharama ya skrubu moja ikizidishwa mara elfu kumi, au fundi mzoefu anayekataa mchoro kwa sababu bisibisi haitafika kwenye kona.

Mwishoni mwanafunzi hukusanya jalada la kazi. Picha za bidhaa zinazong'aa hazimtoshi mwajiri makini. Hutafuta michoro ya awali, vielelezo vilivyovunjika, maoni ya waliovijaribu na sababu ya kila badiliko. Kwa jalada hilo wahitimu huomba kazi kwenye viwanda vya samani, vifungashio na vifaa vya hospitali, na wengine hufungua karakana zao.