Marando ya Kuomba: Kagua Kabla ya Kubeba

Swali ninaloulizwa sana na vijana ni hili: "Afisa, nina robo eka na mtaji sina. Nianze na nini?" Kama eneo lako linafaa viazi vitamu, nenda kwa rafiki mwenye shamba zuri, omba marando. Mbegu hiyo huhitaji kuifuata duka la pembejeo.

Ila rafiki akikupa marando anakupa na magonjwa yake. Yalishanikuta. Nilibeba mizigo miwili jioni, giza linaingia, sikukagua kitu. Wakati wa kuvuna nikatoa viazi vya ukubwa wa vidole, msimu ukaenda hivyo. Vile ni virusi, huenezwa na inzi weupe na vidukari, na mmea ukishaugua hakuna dawa ya kuuponya.

Kwa hiyo nenda asubuhi, mazao yakiwa bado shambani. Ruka shina lenye majani madogo, yaliyojikunja, yenye njano au zambarau isiyo ya kawaida, au lililodumaa kuliko wenzake. Hata kama lina marando mengi, liache. Kata sehemu ya juu tu, sentimita 25 hadi 30. Huku chini kwenye shina gumu ndiko fukusi hupenda kutaga mayai, sasa ya nini kujibebea? Na usimnyoe mwenzako shina moja hadi likabaki kipara, viazi vyake havitajaa. Chukua kidogo kidogo kwenye mashina mengi.

Hapa ndipo wengi mnakosea hesabu. Matuta yakiachana mita 1 na kipando hadi kipando sentimita 30, robo eka inataka vipando kama 3,300. Ukienda kuomba vyote hivyo, urafiki utakwisha! Omba marando 300, uyazalishe mwenyewe. Kata pingili zenye macho matatu, panda kitaluni kwa sentimita 20 kwa 10, yaani pingili 50 kwa mita moja ya mraba. Fukia macho mawili, moja libaki juu. Weka samadi iliyooza, mwagilia, na kitalu kiwe mbali na shamba la viazi la zamani. Ukiona mche wenye dalili nilizotaja, ng'oa siku hiyo hiyo.

Baada ya wiki sita hadi nane unakata. Acha kisiki cha sentimita 10, kitachipua tena. Mkato wa kwanza pengine hautatosha robo eka yote, basi panda matuta yaliyopata, mengine yasubiri mkato wa pili.

Mvua ikichelewa, pukuta majani, funga marando mafungu, yaweke kivulini chini yakiwa na unyevu. Siku mbili tatu hayaharibiki, na mizizi huanza kuchomoza.

Msimu ujao rafiki yako akikaukiwa, naye atakuja kwako kuomba. Akija, mkague nayo pamoja.