Uji wa Mtoto na Manufaa ya Kimea

Katika miezi sita ya mwanzo ya umri wake, mtoto hahitaji chakula wala kinywaji kingine ila maziwa ya mama, kwani ndani yake mna shibe na maji ya kumkata kiu hata katika jua kali la Dodoma. Lakini miezi hiyo ikisha kutimia, akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo huwa imekaribia kwisha, na maziwa hayo, ijapokuwa inapasa aendelee kuyanyonya hata atimize miaka 2 na kuipita, hayamtoshelezi tena peke yake. Waama, wakati huo ndipo watoto wengi waliokuwa wakinawiri huanza kudhoofu, na sababu yake aghalabu imo ndani ya kikombe cha uji.

Unga wa mahindi, mtama au muhogo una tabia ya kunyonya maji na kuvimba upikwapo, hata uji ukawa mzito ukamshinda mtoto kumeza. Ndipo mama, kwa huruma na nia njema, anapouzimua kwa maji, na akiona kikombe kimekwisha huamini kwamba mwanawe ameshiba. Lakini na tufanye hesabu. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba mtoto anyonyaye, mwenye miezi 6 hadi 8, huhitaji takriban kalori 200 kwa siku kutoka katika chakula, wa miezi 9 hadi 11 kalori 300, na wa mwaka mmoja hadi miwili kalori 550. Na kikombe cha robo lita cha uji mwepesi, uliotiwa unga wa gramu 15, hutoa kalori 50 na ushei tu. Kwa kadiri hiyo mtoto wa miezi saba atahitaji vikombe vinne kwa siku, na wa mwaka mmoja na nusu vikombe kumi, ilhali tumbo lake hujaa kwa kimoja, na likijaa maji ya uji halina tena nafasi ya maziwa.

Tiba ya kwanza, basi, ni kuupika uji mzito kiasi cha kutulia juu ya kijiko pasipo kuchuruzika, na kuutia nguvu kwa tui la nazi, maziwa, karanga zilizosagwa, yai lililoiva sawasawa au dagaa waliotwangwa wakalainika. Karanga na mahindi yenye ukungu yaepukwe kabisa, kwani hubeba sumukuvu, ambayo kuipika hakuiondoi.

Tiba ya pili ni kimea, ambacho wapika pombe wa bara wanakijua tangu kale, na ambacho wataalamu wa lishe wa Tanzania walikichunguza katika miaka ya 1980 kwa ajili ya watoto. Ulezi, au wimbi kama uitwavyo Kenya, huoshwa na kulowekwa usiku kucha, ukachujwa na kufunikwa kwa kitambaa chenye unyevu siku mbili au tatu mpaka uchipue, kisha ukaanikwa juani. Na ukikauka, husuguliwa na kupepetwa ili vichipukizi na vimizizi vyote viondoke, hususan kama nafaka yenyewe ni mtama, ambao machipukizi yake yana sumu, ndipo usagwe. Mbegu inapochipua huzalisha vimeng'enya vya kuvunjavunja wanga. Kwa hiyo kijiko kidogo cha unga huo, kikikorogwa katika uji mzito ulioepuliwa ukapoa kidogo, huulainisha kwa dakika chache bila ya kuongezwa maji, na hapo hurudishwa motoni uchemke tena ili vijidudu vife. Mtoto hupata katika kikombe kile kile unga maradufu au zaidi.

Hata hivyo uji, uwe mzuri namna gani, hautoshi. Madini ya chuma hupatikana kwa wingi katika maini, nyama na samaki. Kunde na choroko zilizopondwa, mchicha, boga, papai na embe navyo vina fungu lao. Mtoto aanze kwa vijiko viwili au vitatu, mara mbili hadi tatu kwa siku, na akitimiza miezi tisa ale mara tatu hadi nne. Asali asipewe kabla ya kutimiza mwaka. Mikono ioshwe kwa sabuni, chakula kiwe kipya, na mlishaji awe na subira, amtazame mtoto usoni na kusema naye, wala asimkabe kumlisha kwa nguvu.

Mzigo huu si wa mama peke yake. Baba anayetoa fedha ya sokoni na akumbuke yai na dagaa wa mtoto kabla ya haja nyingine, na bibi anayeshika mwiko auache uji ubaki mzito. Kwani mwili na akili vinavyojengwa katika miaka 2 ya mwanzo ni vigumu mno kuvijenga upya baadaye.