Pedali stili: jinsi ya kupata kodi kwenye tyuni yoyote

Ukisikiliza muziki wa kantri, na Kenya wapenzi wake ni wengi, kuna sauti moja inayofanana na mtu anayelia: noti moja inapanda taratibu huku nyingine zimetulia palepale. Hiyo ndiyo pedali stili. Na si ya Wamarekani tu. Mnigeria Demola Adepoju aliipiga kwenye bendi ya King Sunny Adé, na ndiye anayesikika pia kwenye wimbo "Graceland" wa Paul Simon wa mwaka 1986.

Gitaa hili hulazwa juu ya miguu kama meza. La kawaida lina nyuzi 10. Mkono wa kulia unadonoa nyuzi, wa kushoto unatelezesha kipande cha chuma juu yake, miguu inakanyaga pedali, na magoti yanasukuma nyenzo zilizo chini ya gitaa. Yaani mwili mzima uko kazini.

Kinachowavunja moyo wanaoanza ni tyuni. Mtu anapata mchoro wa kodi (si ile ya TRA!), anaupiga kwenye gitaa lake, inatoka sauti ya ajabu. Anadhani hana kipaji, kumbe mchoro ulikuwa wa tyuni nyingine. Ukielewa mambo matatu yafuatayo, huhitaji tena kukariri mchoro wa kila tyuni.

1. Chuma hakibadilishi aina ya kodi

Kwenye gitaa la kawaida, kila kidole kinabana uzi wake mahali pake. Hapa chuma kimoja kilichonyooka kinakatisha nyuzi zote kwa pamoja. Kasi ya mtetemo wa uzi inategemea urefu wake: ukiukata nusu, unatetema mara mbili kwa kasi, na noti inapanda oktavu moja. Kwa kuwa chuma kinafupisha nyuzi zote kwa uwiano uleule, noti zote zinapanda kwa hatua zilezile.

Oktavu moja ina nusu toni 12, na freti moja ni nusu toni moja. Kwenye pedali stili freti ni mistari tu iliyochorwa. Uzi ukiwa na urefu wa sm 61, mstari wa freti ya 3 unakaa sm 9.7 kutoka mwanzo wa uzi.

Kwa hiyo, nyuzi zikiwa wazi zinatoa kodi ya meja, chuma kikikaa sawasawa zitatoa meja kila freti. Aina ya kodi inaamuliwa na tyuni, na chuma kinaamua tu iwe juu au chini kiasi gani.

2. Geuza majina ya nyuzi kuwa do re mi

Waliopita kwaya wana faida hapa. Kodi ya meja ni do-mi-so. Ya maina unaweza kuisikia kwenye la-do-mi. Sasa chukua tyuni yoyote, uandike nyuzi zake kwa solfa:

- Tyuni ya G, nyuzi 6 (G B D G B D): do mi so do mi so. Hapa kuna meja moja tu. Maina kamili ya noti tatu haimo.
- Tyuni ya C6, nyuzi za katikati (C E G A): do mi so la. Ukidonoa do, mi na so ni C meja. Ukidonoa la, do na mi ni A maina. Chuma hakijasogea hata kidogo.
- Tyuni ya E9, inayotawala kantri: uzi wa 3 ni G# (mi), wa 4 ni E (do), wa 5 ni B (so). Hiyo ni E meja.

3. Pedali zinabadilisha tyuni katikati ya wimbo

Kwenye E9, kwa mpangilio uliopewa jina la Buddy Emmons, pedali A inapandisha so kuwa la, na pedali B inapandisha mi kuwa fa. Wenzo mmoja wa goti unashusha do kuwa ti, mwingine unaipandisha do nusu toni. Ona kinachotokea bila kugusa chuma:

- Bila kukanyaga: do-mi-so, E meja
- A na B pamoja: do-fa-la, A meja
- A peke yake: do-mi-la, C# maina
- Wenzo wa kushusha: ti-mi-so, G# maina
- A na wenzo wa kupandisha: C# meja

Kodi tano, mahali pamoja. Bud Isaacs ndiye aliyewafumbua watu macho kwenye "Slowly" ya Webb Pierce, wimbo uliovuma mwaka 1954: alikanyaga pedali huku noti ikiwa bado inalia.

Sasa tuhesabu

Kanuni ni hii: anza na kodi inayotoka nyuzi zikiwa wazi, hesabu nusu toni hadi kodi unayoitaka, weka chuma kwenye freti hiyo.

Unataka G meja kwenye E9? Kutoka E: F, F#, G. Hatua 3, basi freti ya 3. Ukikanyaga A na B unaanzia A, kwa hiyo freti ya 10. Kwa A na wenzo wa kupandisha unaanzia C#: freti ya 6. G tatu, na unachagua iliyo karibu na ulipo.

D maina je? Kwenye C6 maina inaanzia A, kwa hiyo freti ya 5. Kwenye E9, pedali A peke yake inaanzia C#: freti ya 1.

Wimbo wa kodi tatu, G, C na D? Weka chuma freti ya 3, unapata G. Kanyaga A na B palepale, ni C. Sogea freti ya 5 miguu ikiwa palepale, ni D.

Kabla hujalaumu chuma

Ukityuni kwa mashine, mi ya E9 inaweza kusikika kama inatetemeka. Mashine inaweka G# kwenye hezi 415.3 juu ya E ya 329.6, wakati uwiano safi wa 5 kwa 4 unadai 412. Tofauti hiyo inaleta mapigo kama 13 kwa sekunde. Ndiyo maana wapigaji wengi huilegeza mi kidogo kwa sikio.

Huna pedali stili? Legeza nyuzi za gitaa la kawaida ziwe D A D F# A D, kuanzia uzi mnene. Chukua kichupa kilaini cha kioo, ukiweke juu kabisa ya chuma cha freti bila kubana uzi. Wazi ni D. Kabla hujapiga, hesabu G na A ziko freti ipi. Ukipata 5 na 7, umeshaielewa kanuni.