Maziwa Mgando na Matunda kwa Mwenye Kisukari

Nyumbani mwetu yuko mama yetu mzee mwenye kisukari. Kwa kumpenda tulimnunulia mtindi wa dukani wenye ladha ya matunda, tukidhani ni chakula cha mgonjwa. Tulipompima damu, sukari ilikuwa imepanda sana. Ndipo tuliposoma maandishi ya kopo, tukaona umetiwa sukari tele.

Basi tumejifunza haya. Gramu 100 za maziwa mgando yasiyotiwa sukari zina wanga gramu 5 hivi. Yaliyotiwa sukari aghalabu yana mara mbili au tatu ya hizo. Matunda nayo hayalingani. Ndizi mbivu ya kadiri ina wanga gramu 27 hivi, bali pera moja dogo lina gramu 8 tu, na nyuzinyuzi zake huichelewesha sukari kuingia damuni. Tena yafaa tunda liliwe lenyewe, lisikamuliwe, maana maji ya matunda hupandisha sukari upesi.

Lakini atumiaye dawa asipunguze chakula kabla ya kumwuliza daktari, sukari isije ikashuka mno ikamhatarisha.

Sasa mama hula bakuli dogo la maziwa mgando na pera moja, naye hushukuru. Nanyi, ndugu, someni kopo kwanza, ndipo mpeleke zawadi kwa mgonjwa.