Usiing'oe Fuksia Mwezi wa Machi

Mwaka wangu wa kwanza Uskoti niliua fuksia yenye afya kabisa. Ilikuwa Machi. Kichaka nilichokikuta kwenye bustani ya nyumba niliyopanga kilikuwa vijiti vitupu, na kila kijiti nilichokivunja kilikatika kwa mlio wa kuni. Nikachukua jembe. Nilipokipindua kitako cha mmea na kukung'uta udongo, nikaona vichomozi vyeupe vyenye ncha ya waridi, vidogo kama punje za mtama, vimejipanga shingoni mwa mzizi. Yalikuwa machipukizi. Mizizi yenyewe nilikuwa nimeshaikata vipande vipande.

Mimi niliyekulia Makete nilipaswa kujua. Kwetu jalidi ya Juni na Julai huunguza majani ya viazi kwa usiku mmoja, asubuhi yakaamka meusi kama yaliyomwagiwa maji ya moto, na bado hakuna mkulima anayedhani viazi vilivyo ardhini vimekufa. Maji yaliyomo kwenye jani laini huganda, chembe zake huharibika, na barafu ikiyeyuka jani hubaki limelegea kama mchicha uliochemshwa. Udongo una tabia nyingine. Huhifadhi joto la majira ya jua, na sentimita 10 chini mara nyingi hauna barafu hata kama hewa ya juu imeshuka nyuzi kadhaa chini ya sifuri. Fuksia sugu huishi kwa kutegemea tofauti hiyo. Juu hufa, chini hulala.

Nasema fuksia sugu kwa makusudi, kwa kuwa jina lenyewe halikwambii lolote kuhusu baridi. Spishi zake ni zaidi ya 100, nyingi za Amerika Kusini na ya Kati, chache za New Zealand na moja ya Tahiti. Mtawa wa Kifaransa Charles Plumier, aliyeipa jenasi hii jina mwaka 1703, aliikuta kisiwani Hispaniola, kwenye joto la Karibi. Aliipa jina la tabibu na mtaalamu wa mimea Mjerumani Leonhart Fuchs, aliyefariki 1566 bila kuiona hata siku moja. Uzao wa ile ya Plumier ukiuacha nje Desemba hapa Ulaya ya kaskazini, umeaga. Inayohimili ni Fuchsia magellanica, ya Chile na Argentina hadi Tierra del Fuego, nchi ya upepo, ukungu na mvua baridi. Chotara nyingi sugu zina damu yake: 'Riccartonii' ya huku Uskoti, 'Tom Thumb' ya 1850 ambayo ni fupi, na 'Mrs Popple', ambayo ningempa mtu yeyote anayeanza.

Ua lake huning'inia kichwa chini kama hereni: sepali nne nyekundu zilizokunjuka kama mabawa, chini yake petali nne za zambarau zilizokunjana kama sketi, na humo zikachomoza stameni nane ndefu. Kwao Chile huchavushwa na ndege-mvumaji, anayeelea hewani huku akinyonya, kazi ambayo kwetu hufanywa na chozi. Magharibi ya Ayalandi, katika kaunti ya Kerry, ambako bahari huzuia baridi kali, fuksia imekuwa ua wa mipaka ya mashamba na hupita kimo cha mtu. Waayalandi huiita kwa lugha yao deora Dé, machozi ya Mungu. Sisi tuna chozi anyonyaye maua, wao wana ua ambalo ni machozi. Sijui nani alimsikia mwenzake, lakini kila nikiliona hucheka.

Sasa tuje kwenye baridi. Wengi hudhani kazi inaanza Novemba, wakati karibu yote imeshaamuliwa siku ya kupanda. Panda kati ya mwisho wa Mei na Julai, jalidi ikishapita, ili mizizi ipate miezi kadhaa ya kujisimika. Mche unaonunuliwa Septemba ukiwa umejaa maua unapendeza macho, ila mizizi yake bado imejikunja kwa umbo la chungu, na baridi itaikuta hivyo.

Halafu panda chini kuliko ulivyozoea. Kwa miche mingi tunaonywa tusifukie shina. Fuksia sugu inataka kinyume. Uso wa udongo wa chungu ukae sentimita 5 hadi 10 chini ya uso wa bustani. Mimi huacha kishimo kama sahani kuzunguka mche na kukijaza kidogo kidogo kadiri shina linavyokomaa. Vifundo vilivyofukiwa ndivyo vitakavyotoa machipukizi mapya, na udongo ulio juu yake ndio blanketi lao.

Adui mkubwa kuliko baridi ni maji yaliyotuama. Udongo wa mfinyanzi uliolowa miezi minne huinyima mizizi hewa, nayo huoza. Changanya mboji ya kutosha na changarawe, au inua tuta. Novemba weka matandazo ya sentimita 10 juu ya kitako: magome yaliyosagwa, majani yaliyooza au nyasi kavu. Ya chungu ni habari nyingine, kwani baridi huipiga mizizi pande zote. Ingiza chungu kwenye banda lisiloganda, na udongo uwe na unyevu kidogo tu, usikauke kabisa.

Mkasi uache ndani. Vijiti vikavu vinaudhi macho Desemba yote, najua, na jirani atakuuliza, lakini hukinga shingo ya mmea dhidi ya upepo na kunasa majani yanayopeperuka. Ukikata mapema, siku chache za joto mwezi Februari zinaweza kuuamsha mmea, jalidi ya Aprili ikaunguza kila kilichotoka. Fuksia huchanua kwenye matawi ya mwaka huohuo, kwa hiyo kungoja hakukupotezei maua. Ngoja uone machipukizi kitakoni, hata ikiwa katikati ya Mei, ndipo ukate juu kidogo ya yale yenye nguvu.

Kimoja ambacho baridi haikusaidii ni utitiri uitwao Aculops fuchsiae, wa Amerika Kusini, uliofika Uingereza mwaka 2007. Hauonekani kwa macho. Unachoona ni ncha za matawi zimevimba, zimejikunja na kuwa nyekundu, kama koliflawa iliyoharibika. Kata ncha hizo hadi kwenye tawi safi, zichome, zisiingie kwenye mboji, kisha uoshe mkasi kabla ya kugusa kichaka kingine.

Fuksia yangu ya sasa ipo mlangoni. Mwaka huu ilichipua wiki ya pili ya Mei, siku ambayo nilikuwa nimeanza kuitazama kwa mashaka tena. Vijiti vya mwaka jana nilivikata jioni hiyohiyo nikavichomeka kwenye tuta la njegere, zipate pa kutambaa.