Uswidi: Masomo ya udaktari katika uhandisi ni kazi yenye mshahara

Katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Luleå, kaskazini mwa Uswidi, mhandisi anayetafuta shahada ya udaktari anaomba kazi. Nafasi hutangazwa kwenye tovuti ya chuo kama ajira nyingine yoyote. Anayechaguliwa hutia sahihi mkataba, hupokea mshahara kila mwezi na hukatwa kodi.

Habari hii inawagusa wahitimu wengi wa Kongo, hasa waliosomea migodi. Chuo cha Luleå, kilichoanzishwa mwaka wa 1971, kiko katika jimbo la Norrbotten, ambako mji wa Kiruna una mgodi mkubwa wa chuma unaochimbwa chini ya ardhi. Watafiti wake huchunguza namna ya kutafuta madini, usalama wa miamba na njia za kutenganisha madini na mawe. Hizo ndizo kazi za kila siku Kolwezi na Likasi, kunakotoka shaba na kobalti.

Tangu mwaka wa 2011, wanafunzi wanaotoka nje ya Ulaya hulipa ada nchini Uswidi katika shahada ya kwanza na ya pili. Lakini masomo ya udaktari hayana ada kwa mtu wa nchi yoyote, na kupeleka maombi ya nafasi hizo ni bure. Kwa hiyo, yeyote anayedai dola ili "kumtafutia" kijana nafasi hiyo anamdanganya.

Masomo huchukua miaka 4. Anayepewa pia kazi ya kufundisha, isiyozidi asilimia 20 ya muda wake, huweza kufikia miaka 5. Mkataba wa kwanza hauzidi mwaka mmoja, kisha huongezwa. Sheria inakitaka chuo kihakikishe pesa za muda wote zipo kabla ya kumpokea mtafiti.

Kwa upande wa masharti, mwombaji awe na shahada ya pili, au miaka minne ya chuo kikuu ambayo angalau mmoja ni wa ngazi ya juu. Mwenye lisansi ya miaka mitatu ya mfumo mpya wa LMD atahitaji kwanza masta. Hutakiwa nakala za diploma na alama, maelezo ya masomo na kazi, barua ya maombi, na mara nyingi majina ya walimu wanaoweza kumshuhudia.

Hata hivyo, kuna vizuizi viwili. Cha kwanza ni lugha: kazi hufanyika kwa Kiingereza, na vitabu vingi vya utafiti huandikwa kwa lugha hiyo, wakati mhitimu wa Kongo amesoma kwa Kifaransa. Cha pili ni mada. Mara nyingi tangazo huja na mradi uliokwisha kupata pesa, na barua nzuri ni ile inayoonyesha mwombaji amefanya nini kinachofanana na mradi huo. Barua moja inayotumwa kila mahali haifiki mbali.

Ikumbukwe kwamba matangazo hayangoji: kila moja lina siku yake ya mwisho. Anayeanza kujifunza Kiingereza na kutafsirisha diploma baada ya kuliona tangazo, mara nyingi hukuta mlango umekwisha kufungwa.